Mkia wa Swala Uliolala

Nilipokuwa mtoto, mama alijua kusoma mkia wa swala, na mimi nilidhani ni mchezo wake tu wa kutuchekesha. Baba yake alikuwa mwindaji kule kwao Moba, na mama ndiye aliyemfuata porini kubeba nyama. Hapa Johannesburg alikuwa fundi cherehani, mama wa kanisa, na mdomo wake haukukosa neno.

Tuliishi mtaa wa Turffontein. Jumapili baada ya ibada tulipanda vilima vya jirani, ambako wanyama wamehifadhiwa, naye akatufundisha mimi na kaka yangu Patient. Mkia ukitikisika, swala anakula kwa amani. Ukiinuka na weupe wake kuonekana, amekuona, usijisumbue kumfukuza. Ishara ya tatu hakupenda kuitaja: mkia umelala kati ya miguu, na mnyama hakimbii. Hapo mwindaji huketi mpaka swala aondoke mwenyewe, kwa kuwa mbele ya njia kuna kitu kinamsubiri mtu.

Siku moja ya mwaka 2016 tulikuwa tunashuka, baba akiharakisha. Alikuwa mlinzi wa jengo la maghorofa kule mjini Hillbrow, na zamu yake ilianza alasiri ile. Kwenye kona tukamkuta swala katikati ya njia. Hata sikio hakutikisa. Mkia ulikuwa umelala.

"Ikaleni chini," mama akasema.

"Mama Neema, tuko Johannesburg," baba akamjibu, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Nitachelewa kazi."

"Baba Neema, nakuomba. Ikala."

Sikuwahi kumsikia mama akiomba. Nadhani hilo ndilo lililomkalisha baba vumbini na suruali yake ya kanisani. Akampigia simu mwenzake wa kazi, Papa Lukusa, amshikie lango mpaka afike.

"Sharp, sawa kabisa, ndugu yangu, usiogope!" Papa Lukusa alijibu kwa sauti kubwa, akicheka, hata sisi tukamsikia.

Niliogopa sana. Swala yule hakututazama sisi wengine. Alimtazama baba peke yake, muda wote, na hata Patient akaacha kunong'ona "eish" yake ya mshangao. Kisha swala akageuka na kuondoka taratibu, kama aliyemaliza shughuli zake.

Baba alipofika Hillbrow jua lilikuwa bado liko juu, lakini watu walikuwa wamejaa langoni. Wezi wenye bunduki walikuwa wamepita. Papa Lukusa alikuwa amefia kwenye kiti cha baba.

Kanisani wakamtaka mama asimame atoe ushuhuda kwamba Mungu amemwokolea mume. Mama alikataa. "Nishuhudie nini, na mke wa Papa Lukusa ameketi pale?"

Miaka ikapita kabla sijathubutu kumuuliza: mwindaji akiketi, kile kitu kinachomsubiri kinakwenda wapi? Akasimamisha cherehani.

"Baba yangu hakuniambia," akasema. "Kule porini hapakuwa na mtu wa kukushikia zamu."

Sasa mimi ni mtu mzima, na bado sijui kama mkia unasema lolote. Baba ameota mvi, nami namshukuru Mungu kwa kila unywele. Ila akipita mjane wa Papa Lukusa, mama huacha kuongea, na sisi sote wanne hutazama chini.