Kadi Isiyokumbuka Jana

Shemeji yangu aliponipigia simu kutoka Bungoma kusema kompyuta kubwa ya studio imekataa kuanza, nilikuwa dukani kwangu Kitale, chini ya diploma yangu iliyo kwenye fremu. Naitaja mapema kwa sababu sikuipata kwa mlango wa nyuma. Nilikwenda Ghuba, Uarabuni, kusafisha vioo vya majengo marefu, nikasoma jioni baada ya kazi, na nilipoondoka huko nilikuwa miongoni mwa wachache waliokabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva. Kati ya Kitale na Bungoma simjui mtu mwingine anayeweza kusema hivyo, na nimeulizia.

Kompyuta hiyo niliijua kama kiganja changu. Ilikuwa seva ya mtumba niliyorudi nayo kutoka ng'ambo, nikaifungia diski nne na kuiwekea mfumo wa Linux, wakati shemeji, mke wa kaka yangu, alikuwa bado na studio Kitale. Anarekodi kwaya, harusi, na kina mama wa kasida. Huko Kitale haikuwa ikizimwa. Niliiunganisha na betri, stima ikipotea kwa mvua ya alasiri, mashine yenyewe inaendelea tu. Sasa alikuwa amehamia Bungoma, na mashine ilisafiri kwa pikapu ya mtu wa Moi's Bridge ya kubebea mahindi.

"Shemeji," alisema kwenye simu, "si unajua ndani kuna sauti ya mama."

Nilijua. Mama yake alikuwa akiongoza sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, katika kwaya ya kanisa lao upande wa Lwakhakha tangu ujana wake. Kisha akapata rovu, ule uvimbe wa shingoni, na daktari akamwonya kwamba baada ya upasuaji sauti inaweza isirudi vile ilivyokuwa. Shemeji alimleta Kitale kabla ya siku ya hospitali, akamrekodi nyimbo zake zote alizozipenda. Sauti ilirudi, lakini ilirudi nzito, yenye mikwaruzo. Watu wa kwaya kwa heshima wakamwambia ni ile ile. Mama hakuwaamini. Alitaka kusikia kwa masikio yake alivyokuwa, na alikuwa amefunga safari hadi Bungoma kwa jambo hilo moja. Nakala nyingine haikuwepo. Shemeji alikuwa akingoja amalize kuzisafisha nyimbo kwanza ndipo ampe.

Nilipofika nilimkuta kaka yangu ng'ambo ya barabara, amekaa kwenye ngazi ya duka la vifaa vya ujenzi kama mlinzi. Kwetu mwanamume haketi chumba kimoja na mama mkwe wake, hamsalimii kwa mkono, wala hali chakula mbele yake. Mimi kama ndugu wa mume nimo katika heshima hiyo hiyo. Nimeishi na watu wa mataifa mengi na naona mambo kwa mapana, lakini hilo sijaliacha. Kwa hiyo mama aliwekwa kwenye chumba cha kurekodia, pazia likashushwa mlangoni, nami nikakaa chumba cha mashine nikiligeuzia pazia mgongo. Maneno yake kwangu yalipitia kwa binti yake, ingawa tulikuwa karibu kiasi cha kusikia kila mmoja akimeza chai.

"Muulize mkwe kama amekuja na hicho cheti chake," alisema ile sauti nzito.

"Mama anauliza," alianza shemeji.

"Mwambie cheti kiko ukutani, kichwa ndicho nimekuja nacho," nikajibu. Nyuma ya pazia akacheka kidogo, akakohoa.

Kila mtu alikuwa na hakika kwamba ni barabara. Pikapu ile, matuta yale, mahindi juu yake. Nami nilianza na barabara. Nilifungua kasha, nikachomoa kadi ya diski, ile inayosimama kati ya kompyuta na diski zote nne, nikaipuliza vumbi, nikairudisha, nikakaza nyaya, nikaiwasha. Taa zake zikawaka. Diski zikazunguka, nikaziwekea kiganja na kuhisi mtetemo ulio sawa. Mashine iliyoumizwa na safari haizungumzi hivyo. Hapo ndipo nilipoanza kupendezwa, maana kitu kizima kinachokataa kazi kina sababu yake, na mimi hupenda kuijua.

Niliiwasha upya na kusoma skrini mstari kwa mstari, jambo ambalo mafundi wengi wa hapa hawafanyi. Wanaona maandishi meupe wanakimbilia kuweka mfumo upya, na mali ya mtu inakwenda. Linux ikianza, kwanza hufungua furushi dogo kwenye kumbukumbu ya mashine, lenye vitu vichache tu vya kuiwezesha kuzifikia diski. Furushi hilo nililiweka kwenye diski ndogo ya pembeni, isiyopitia kwenye kadi. Lilifunguka vizuri. Programu inayoendesha kadi ilipatikana. Kisha ukaja mstari mmoja uliosema kwamba firmware ya kadi imeshindwa kupakiwa, na mwishoni namba ya kosa, hasi mbili. Anayejua Linux anajua maana yake. Faili haipo.

Firmware ni ile programu ndogo inayoingia ndani ya kadi yenyewe na kuiambia ifanye nini. Kadi nyingine huzaliwa nayo. Hii ya kwetu haina mahali pa kuihifadhi. Ikikatiwa umeme inasahau yote, na kila inapowashwa lazima ipewe upya kutoka kwenye furushi. Bila hiyo, diski zilizunguka bure na mashine haikuziona.

Lakini faili hiyo niliiweka mimi mwenyewe. Barabara haifuti faili moja ikaacha nyingine. Nikamuuliza shemeji nini kilibadilika tangu Kitale.

"Hakuna."

Nikauliza kama aliongeza programu. Hakuongeza. Kama kuna fundi aliyeigusa. Hakuna. Nikauliza kwa njia tatu au nne tofauti, kama nilivyofundishwa, naye akajibu kwa utulivu wa mtu anayesema kweli. Akaongeza kwamba siku moja kabla ya kuhama alirekodi kwaya ya Kachibora bila tatizo lolote, sasa iharibike vipi kama si njiani? Swali lilikuwa zuri. Nilizungusha kiti nikatazama dirishani, nikamwona kaka yangu pale ngazini.

"Mwambie ulifagia," mama alisema nyuma ya pazia.

"Mama, hiyo si kitu ya kuambia mtu."

"Mwambie."

Shemeji akainama kupanga nyaya. Kisha likaja jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kaka yangu aoe. Mama alinena nami moja kwa moja.

"Mkwe, alifagia. Ni mimi nilimfundisha. Mtu hahami na takataka ya nyumba ya zamani, vumbi la huko libaki huko. Akafagia nyumba, akafagia na hiyo mashine yako."

Sikugeuka. Nilisema, "Asante, mama," nikiutazama ukuta.

Ndipo shemeji akaeleza. Siku chache kabla ya kuhama aliketi akaondoa kwenye mashine kila kitu ambacho hakutumia na hakujua jina lake. Michezo, faili za lugha za watu wengine, na kifurushi kimoja kilichojaa majina ya kadi za kampuni ambazo hajawahi kuzisikia. Hakukuwa na uongo katika jibu lake. Kwao kufagia si kubadilisha, ni kuondoa yasiyo yako. Na kifurushi kile kilipotoka, Linux kwa utiifu wake ikafunga upya lile furushi la kuanzia, safari hii bila firmware.

Mashine haikuonyesha lolote. Kadi ilikuwa tayari imepewa firmware yake miezi mingi nyuma na haikuwa imezimwa. Iliendelea kufanya kazi kwa kitu ambacho kwenye diski hakikuwepo tena, ikarekodi na kwaya ya Kachibora, hadi waya ulipochomolewa ipandishwe kwenye pikapu. Ghuba nilisoma kwamba jambo hili linawezekana. Sikuwahi kuliona, kwa sababu kule hakuna mtu anayefagia seva.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono. Niliwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi ninayotembea nayo, ambayo ina firmware za kila aina. Diski nne zikajitokeza. Nikaingia kwenye mfumo wake, nikarudisha kifurushi kwa intaneti ya simu yangu, nikafunga furushi upya na kuchungulia ndani kuhakikisha faili imo. Shemeji alitaka tuiwashe upya tu kwa kitufe. Nikakataa. Nilizima, nikachomoa waya, nikangoja kadi isahau kabisa, nikachomeka. Fundi wa haraka angeruka hatua hiyo na kusifiwa, kisha aitwe tena stima ikipotea.

Ikaanza yenyewe hadi mwisho.

Shemeji alifungua wimbo wa kwanza na kuuelekeza kwenye spika za chumba cha mama. Sauti iliyotoka ilikuwa juu, nyembamba, imenyooka. Wimbo ulipoisha mama akaomba urudiwe.

"Kumbe nilikuwa napaza hivi," alisema baadaye. "Na wenzangu nawafunika, ati hakuna hata mmoja wa kuniambia." Nikasikia akiweka kikombe chini. "Wakisema ni ile ile, wananidanganya. Sawa. Mkwe, hiyo mashine inaweza kumshusha huyu mpaka koo langu limfikie?"

Inaweza, ukiwa na mtu anayeijua. Nilishusha wimbo toni kadhaa, taratibu, hadi aliposema hapo hapo. Akaanza kuimba chini yake sauti ya tatu, akitafuta njia, akikosea, akirudi. Shemeji alikuwa ameshabonyeza kurekodi. Mimi nilikuwa nikinakili nyimbo zote kwenye flashi mbili, mgongo wangu kwenye pazia, simu ilipolia. Kaka yangu alitaka kujua huko ndani kunaimba nani.

Nikamwambia ni mama mkwe wake mara mbili, wa zamani na wa leo, na aendelee kungoja nje.