Kitanda cha Mama Ndani ya Kamioneti

Mama alipoona hatapona, alitaka jambo moja tu: kurudi kwao Fataki, na afike akiwa hai. Hakutaka tena dawa, wala majirani waliojaa nyumbani kwetu Bunia kila jioni kumwombea. Fataki walikuwako dada zake, na nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. "Musinipandishe juu ya majunia sawa kabeji," aliniambia. "Na musingoje nifunikwe. Minataka kufika na kusalimia watu."

Tulikuwa na kamioneti, ile ya kufungwa nyuma, sanduku la bati lisilo na dirisha hata moja. Ndiyo iliyotulisha. Mume wangu aliiendesha Komanda na Marabo, akarudi na mihogo, ndizi na maharagwe ya kuuza sokoni. Hatukuweza kuigeuza chumba cha mgonjwa kabisa, maana baada ya safari ile mizigo ilipaswa kurudi mahali pake. Mume wangu alikuwa amejifunza useremala kwa baba yake kabla ya kushika usukani, basi akasema atatengeneza kitanda cha kuingia na kutoka. Hakuna msumari hata mmoja kwenye bati. Miguu ingekazwa kwa buloni, yaani bolti, kwenye matundu yale yale ya kufungia kamba za mizigo, mbao zingelala juu na kushikwa kwa kabari, na pembeni kungekuwa na ubao wa kumzuia mama asianguke na benchi fupi la kukalia mimi. Kazi ikiisha, unagonga kabari, unakunja kila kitu na kukiegemeza ukutani.

Wazo lilikuwa zuri. Mwenye kulitekeleza ndiye aliyekuwa wa pole pole mpaka anaudhi. Alileta mbao za mti wa libuyu kutoka Komanda, akaanza kupiga randa hata upande wa chini, ambao panya peke yake angeuona.

"Weye unajenga kanisa?" nilimwuliza.

"Mutu mugonjwa anashikilia popote," alijibu bila kuinua kichwa. "Kibanzi kitamuchoma."

Nilirudi jikoni nikigongesha sufuria. Mama alikuwa anakula vijiko vichache, kisha akawa analamba tu uji. Kila mara niliposikia randa ile ikienda na kurudi uani, nilitamani kumnyang'anya niitupe chooni.

Kwetu mwanamume hamwoni mama wa mkewe akiwa amelala. Hamgusi, hakai kitandani pake, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Miaka yote waliyokaa uani pamoja, mume wangu alikohoa kabla ya kupita, na mama akavuta kitenge kichwani. Walizungumza, hata walitaniana, lakini kila mmoja akitazama pengine. Sasa mtu huyo ndiye aliyepaswa kutengeneza kitanda cha mwenzake. Hakuthubutu kumpima. Akanilaza mimi kwenye bati baridi la kamioneti, akachora chaki kichwani na kwenye visigino.

"Mama yako anakuzidi," alisema, akaongeza upana wa kiganja.

Sijui aliujuaje urefu huo, mtu ambaye hakuwahi kumtazama. Tulipomlaza mama, visigino vyake vilifika palepale.

Kilichonikasirisha zaidi kilikuwa ubao wa mwisho. Kati ya kiti cha dereva na sehemu ya mizigo palikuwa wazi, na mama alisema hatapanda mpaka pazibwe. Mume wangu naye alikuwa amekwisha kukata mbao za kupaziba. Nikawaka. Nikamwambia mama kwamba mtu anayekufa hana nafasi ya kuona haya, na nilijuta neno hilo kabla halijaisha mdomoni.

Hakukasirika. "Nikikufa nitakuwa maiti, mutafanya yenye munataka," alisema. "Leo ningali mama ya bibi yake. Muniachie ile."

Ubao ukawekwa, nao kwa kabari.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu. Wanawake wa jirani ndio waliombeba mama kumwingiza, mume wangu akiwa amejificha nyuma ya nyumba kama mdeni. Kisha akaja, akawasha, akasema kwa sauti kupitia ubao, "Mama, tukifika kwenu nitapiga honi mpaka watoke wote."

"Upige sana," mama alijibu. "Dada yangu mukubwa hasikii muzuri."

Mlango ulikuwa na mwanya, tukapata mwanga kidogo. Mama hakuona njia, lakini aliitambua. Tulipoanza kupanda alisema hapa ndipo tunaacha joto la Bunia. Aliposikia harufu ya mikaratusi alitabasamu, akaniuliza kama wamekwisha kuchimba viazi. Kitanda hakikulia wala kutikisika, hata kwenye mashimo. Nilikuwa nimemshika mkono. Njiani huko, mvua ikipiga bati juu yetu, mkono ule uliacha kunishika.

Nikamwita. Nikaweka shavu langu puani mwake, nikakaa hivyo muda mrefu.

"Mama iko namna gani?" mume wangu aliuliza nyuma ya ubao.

Nilijua kwamba nikisema, atasimamisha gari. Ataingia Fataki polepole, bila honi, na watu watajua kabla hatujashuka. Mama hakutaka kuingia kwao hivyo. Nikausogeza mdomo karibu na ubao.

"Iko analala."

"Muzuri. Tunakaribia."

Kwenye bariyeri ya barabarani askari aligonga bati karibu na kichwa cha mama. "Sitwayeni, kuko nini mule?" alimwuliza dereva.

"Kuko bokilo yangu, mama ya bibi yangu, mugonjwa," nilimsikia mume wangu. Sauti yake ilikuwa kali, yeye ambaye hakuwahi kumkaripia hata mbuzi. "Usifungue, tafazali. Iko analala, haifai tumuone."

Askari akatuacha. Nilimfunga mama kilemba chake vizuri, nikampangusa midomo. Nikaegemea ubao wa kitanda na kulia bila sauti, kitenge nimekiuma, mpaka honi ilipoanza.

Aliipiga kweli. Aliipiga tangu chini ya kilima, bila kuachia, na nikasikia milango, watoto wakikimbia, kisha vigelegele vya wanawake pande zote za gari. Injini ikazimika. Nyayo zake zikazunguka hadi nyuma, zikasimama. Kwenye mwanya wa mlango niliona mgongo wake. Alikuwa amegeukia upande mwingine kwa heshima, shati limelowa, anacheka na watu.

"Mama," alisema, "tumefika kwenu. Wafungue?"

Akanyamaza, akiwapungia wanawake mkono wanyamaze nao, ili asikie mama akimpa ruhusa.