Kinanda Kisicho na Kitufe

Nianze kwa kuomba radhi kwa maneno niliyoyakosea na kwa mwandiko huu, ambao ukikaa siku mbili hata mimi hunishinda kuusoma. Niliishia darasa la saba. Haya nimeyaandika kwa wiki mbili, kwa sababu kuyasema nimeshindwa.

Napiga kinanda katika kwaya ya kigango chetu, upande wa Lumemo. Niseme nilikuwa napiga. Nilijifunza mwenyewe kwa kusikiliza, na vile vidude vyeusi sikuvigusa. Vyeupe vilinitosha. Kwaya ikitaka sauti ya juu, nabonyeza kitufe cha kupandishia, kinanda kinapanda chenyewe na vidole vyangu vinabaki palepale. Wapigaji wote ninaowajua, hadi Mang'ula, wanafanya hivyo. Sikujua kuwa ni kasoro.

Mwalimu wa kwaya alisikia kuna chuo cha muziki kinachochukua hata wa darasa la saba wakishapimwa. Akanijazia fomu kwa mkono wake. Kabla sijapimwa, watu wakaniaga. Kwetu anayekwenda kusoma haondoki kimya. Baada ya misa niliitwa mbele, nikafungwa kitenge mabegani, nikapewa mchele mpya ndoo nzima, wa kula huko. Mimi napenda kukaa nyuma ya kinanda kwa sababu hapo watu hawanioni. Siku ile sikujua mikono niiweke wapi.

Mzee mmoja wa besi akasema, "Profesa, ukirudi usije ukatuimbisha Kiingereza." Watu wakacheka, nami nikacheka. Binti niliyemfundisha kupiga akakalia kiti changu, akapiga wimbo wa kutokea, na hakukosea hata mara moja.

Chuoni kinanda kilikuwa kikubwa, cha mbao. Nilipiga wimbo wetu wa matoleo, na mwalimu wa pale akawa anafuata mapigo kwa kalamu mezani. Kisha akasema, "Vizuri. Sasa upandishe nusu sauti."

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikainama hadi kwenye pedali.

"Unatafuta nini, kijana?"

"Kitufe, mwalimu."

"Cha kuwashia?"

"Cha kupandishia."

Waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka kwa chini. Yeye hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema taratibu, "Hiki hakina kitufe, mwanangu. Hapa tunapandisha kwa vidole."

Nilijaribu. Wimbo nilioupiga miaka sita ulinikataa mbele za watu. Akaniuliza kama nasoma nota, nikasema hapana. Akaandika kitu, akanishukuru kwa kufika. Jioni majina yakabandikwa. Niliisoma ile karatasi mara tatu, maana mimi husoma polepole, nikadhani nimejiruka.

Mchele nilirudi nao kwa treni. Mama aliiona ndoo mlangoni, akaiingiza ndani. Aliupepeta kama mchele mwingine wowote, akapika, tukala. Sikuwahi kula wali mgumu kumeza kama ule.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikwenda shambani kuwinga ndege, nikakaa juu ya dungu na kombeo langu. Spika ya kigango inasikika hadi kule. Ulipofika wimbo wa matoleo, kwenye ubeti wa mwisho sauti ikapanda, nami nikajua binti amebonyeza kitufe. Ndege walishuka kwenye mpunga, nikawaacha.

Kesho yake yule binti alikuja nyumbani.

"Shikamoo, kaka. Kiti chako kipo."

"Marahaba. Kaa tu wewe."

"Wanauliza."

"Waambie sijarudi."

Akaangalia chini. "Kaka, ndoo imeonekana stesheni."

Basi wote wanajua, na wananingoja mimi niseme. Mwalimu wa kwaya nikimwona sokoni napita nyuma ya wauza samaki. Kitenge nimekikunja, nimekiweka chini ya godoro. Ninachotaka si chuo tena. Nataka kukaa tena kwenye kile kiti, au hata pembeni yake, na miguu inakataa.

Kama wewe unayesoma uliwahi kuagwa namna hiyo ukarudi mikono mitupu, niandikie. Usiniandikie kwamba Mungu ana mpango wake, hilo nimeshaambiwa. Niambie tu Jumapili ya kwanza uliingilia mlango gani, na ulikwenda kukaa wapi.