Mkono wa Msusi

Msusi hakujua kwamba amelemewa. Wateja wake ndio waliojua, kwa sababu walikuwa hawawezi tena kulalia vichwa vyao. Tangu mama yake mgonjwa ahamie kwake, misuko yake ilizidi kukaza kila wiki. Mwalimu mmoja alitoka saluni nyusi zikiwa juu, akafundisha siku tatu akionekana kushangazwa na kila jibu. Wateja wawili walishahamia saluni ya jirani.

"Wifi, punguza mkono," alisema dada wa mumewe Jumamosi hiyo, machozi yakimlengalenga kitini.

"Mbona ndivyo ninavyosuka siku zote?"

"Siku zote nilikuwa nafumba macho. Leo hayafumbiki. Ona!"

Msusi alitazama kwenye kioo. Kweli, hayakufumbika. Akayaona na mabega yake mwenyewe, yamepanda karibu na masikio, na meno ameyabana kama mtu aliyeshika pini mdomoni. Pini zote zilikuwa mezani.

"Ulilala vizuri lini mara ya mwisho?" wifi yake akauliza.

"Kabla mama hajaja."

"Miezi minne hiyo! Na mimi nipo, huniombi msaada, kazi yako kuninyonga nywele tu."

Msusi alichukua kitana, akaanza kufumua.

"Basi kesho Jumapili ukae naye," alisema, ameinamia utosi wa wifi yake ili wasionane kwenye kioo.

"Nitakuja asubuhi. Haya, nisuke kama mtu."

Alipomaliza kusuka upya, wifi yake alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena.

"Yanafanya kazi," akasema.