Mchoro wa Kiwanja cha Madale

Mama alipostaafu ualimu alitaka kitu kimoja tu: kiwanja Madale, ajenge, aachane na nyumba za kupanga. Akakipata kwa bibi mmoja mjane, aliyeamua kuuza nusu ya eneo lake ili anunue bati. Vyumba vyake viwili vilikuwa bado chini ya turubai.

Mimi nilimshuku tangu siku ya kwanza. Nina hasira za karibu, na nimeshaona wengi wakilizwa na viwanja. Kila tukifika, bibi anatuwekea chai ya tangawizi na vitumbua. Nikajisemea, huyu anatulainisha.

"Majirani wa pande zote nne wamekubali kusaini," mama akanibembeleza. "Na serikali ya mtaa itagonga mhuri. Unataka nini tena?"

"Nataka mchoro wa mipango miji, mama. Majirani wanajua mipaka yao tu, hawajui serikali imepanga nini pale."

Alininunia siku mbili. Nikamtafuta mpima, akachukua vipimo, tukaenda navyo manispaa. Afisa akafungua mchoro kwenye kompyuta. Pale kwa bibi, eneo zima, palichorwa barabara pana ambayo bado haijajengwa. Nakiri, nilifurahi. Niliona nimemnasa.

Tukarudi na mama Madale, nakala ya mchoro mkononi, maneno makali nimeyapanga njia nzima. Nikamtandazia bibi ile karatasi mkekani, nikamweleza. Hakubisha. Aliingia ndani akatoka na hati yake mwenyewe ya kununulia, imeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni. Saini za majirani wanne, mhuri wa mtaa.

"Mie nami walinisainia hivihivi," akasema.

Niliona aibu.

Akaweka kidole kwenye mchoro. "Hebu nionyeshe. Choo changu kimo?"

"Kimo, bibi."

"Na banda la kuku?"

"Nalo limo."

Mama alikuwa ameshavua viatu, amekaa naye mkekani, mkono wake begani kwa bibi.

"Na hapa ninapolala?"

Nilikuwa nimehangaika kumwokoa mama yangu, na huyu sikumfikiria hata mara moja. Nikamwambia napo pamo. Akaiviringisha hati yake taratibu, akairudisha mfukoni, akaniuliza kama nimekula.