Mkate Uliofuturisha Mbuzi

Hiliki ikikutana na tui la nazi tu, basi mimi roho haitulii. Juzi nilipita nje ya jiko la watu Maskati, harufu ikanipiga, nikajikuta nimesimama njiani. Wenzangu wakaniuliza nina nini. Nina nini! Nina miaka tisa, nipo Ibra, ni Ramadhani, na nimeshika sahani nisiyoitaka.

Bibi yangu, mama yake baba, alizaliwa Unguja, akaja huku Ibra, Omani, akiwa mtu mzima. Kwetu yeye ndiye aliyekuwa serikali: ndani ya mlango Kiswahili, shikamoo kwa kila mkubwa, na Ramadhani mkate wa kumimina. Mama yangu alikuwa mwalimu, jiko halikumshughulisha, kwa hiyo macho yote ya Bibi yalikuwa kwangu. Alisaga mchele kwa tui, akatia hamira na hiliki, akaungoja uumuke, akaumimina sufuriani na kupanga makaa juu ya kifuniko, na kila hatua ananiita nitazame. Mimi natazama mlango. Ulikuwa mkate mzuri, wallahi, mwekundu juu, ndani vitundu vitupu. Shida ilikuwa kuupeleka kwa jirani kabla ya futari.

Jirani yetu Umm Seif hakuwahi kuishi nje ya Ibra, na binti yake nilisoma naye darasa moja. Huyo ndiye aliyenipachika jina la Zinjibariya, yaani Mzanzibari, darasa zima likalidaka. Leo nimgongee mlango na mkate wa Kizinjibari mkononi? Haiwi. Nilipita nyuma ya ukuta wao, nikaumwaga kwa mbuzi. Mbuzi wakafuturu kabla ya adhana.

Lakini kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na Bibi alikuwa akiingoja. Nikanyatia ghala ya baba, nikaijaza sahani tende, nikampelekea Bibi na salamu za uongo: Umm Seif anashukuru sana, anasema una mkono mtamu. Bibi akafuturu kwa tende zile polepole, akasema alhamdulillahi. Kesho yake akapika mwingine. Na kesho kutwa. Mbuzi wakanizoea, wakawa wananifuata mpaka mlangoni kwetu. Usingizi sipati, saumu naona imeharibika, kila anayenitazama naona anajua.

Siku ya nne Bibi akavaa buibui, akaibeba mwenyewe sahani ya mkate. Akasema tutakwenda pamoja, ataka kumshukuru Umm Seif kwa mdomo wake mwenyewe. Tulipofika kwenye falaji, mfereji uletao maji mashambani, nikasimama. Nikalia, nikasema yote, mbuzi na tende na salamu.

Bibi akakaa ukingoni. "Tende nilizijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Kokwa nilizitoa mimi mwenyewe."

Kisha akaniambia jambo nililokuwa sijapata kulisikia. Mama yake alitoka hapa hapa Ibra. Kule Unguja, kila Idi alipika arsiya, wali wa kuponda na nyama, akamtuma yeye awapelekee majirani. Watoto wa mtaa walimcheka, wakamwita Mmanga, yaani Mwarabu wa kuja, naye akawa anaimwaga jaani. Mama yake alipojua, tangu hapo hakumtuma tena wala hakumwita jikoni.

"Mimi nitakuita," Bibi akasema. "Ukimwaga, nitapika tena."

Akanikabidhi sahani, tukaenda. Umm Seif aliipokea kwa furaha, binti yake kasimama nyuma yake ananikodolea macho. Tangu siku ile nilisimama karibu na sufuria, kwa kununa mwanzoni.

Wakati ule nilielewa kitu kimoja tu, kwamba sikuchapwa. Miaka ikapita, na kila Idi Bibi alikuwa akimwomba Umm Seif kibakuli cha arsiya, anakila peke yake, taratibu, nasi tunamtania kwa ulafi. Mpishi hodari vile, kwa nini asijipikie? Nilikuwa nimeshaolewa, yeye keshafariki, ndipo liliponijia: hakujua kuipika. Alikuwa akiutafuta mkono wa mama yake katika chungu cha jirani, na sidhani kama aliwahi kuupata.