Samaki Walimnusa Shangazi

Juzi, ufukweni Ilemela, nilimwona binti akiwasha injini ya mtumbwi wa kuvulia, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Mimi nilitamani kupiga vigelegele!

Utotoni tuliambiwa kuwa mwanamke akipanda mtumbwi, samaki wanakimbia. Nikaamini kwamba wanamnusa. Kwa hiyo mchana mmoja, vijana waliovulia mtumbwi wa shangazi waliposusa kazi, naye akakaza kanga kiunoni na kushika kasia, nilimkimbilia na kopo la maji yaliyooshewa dagaa.

"Shangazi, jipake! Watakunusa!"

Akacheka, akaondoka hivyo hivyo, akinukia sabuni. Wanaume waliokuwa ufukweni wakaguna.

Jioni mtumbwi ulirudi umejaa sato wanaorukaruka.

"Hawakukunusa?" nilinong'ona.

"Wameninusa," alijibu kwa sauti, wanaume wote wasikie. "Ndiyo maana wamekuja."